Namna ya Kuchagua Gitaa la Krosova la Nyuzi za Nailoni kwa Mpigaji Aliyezoea Nyuzi za Chuma

Mpigaji aliyekulia kwenye nyuzi za chuma anaposhika gitaa la klasiki kwa mara ya kwanza, mkono wake wa kushoto ndio hulalamika mapema: shingo ni pana, ubao wa freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) ni bapa kabisa, dole gumba haliwezi kupanda kuukamata uzi wa sita, ule mnene wa besi, na freti ya 12 imekaa pale pale mwili wa gitaa unapoanzia. Kwa ajili ya mpigaji huyo watengenezaji walibuni gitaa la krosova, yaani gitaa la nyuzi za nailoni ambalo shingo yake na baadhi ya vipimo vyake vimesogezwa karibu na vile vya gitaa la chuma. Tatizo ni kwamba wengi hulichagua kwa kuusikiliza mkono wa kushoto peke yake. Hununua lile lenye shingo nyembamba kuliko yote dukani, na baadaye hugundua kwamba vidole vya mkono wa kulia havina pa kuingia, na kwamba sauti waliyoitafuta kwenye nailoni haitoki. Mwongozo huu unaanza na mkono wa kulia, kwa kuwa huo ndio unaoitoa sauti, kisha unarudi kwenye shingo, mwili, umeme na majaribio ya dukani.

Kabla ya kupima chochote: tofauti ya nyuzi hizi mbili

Gitaa la klasiki tulijualo lilipata umbo lake nchini Hispania katika karne ya 19, hasa katika karakana ya Antonio de Torres, na lilijengwa kwa ajili ya nyuzi za utumbo wa wanyama. Nailoni ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale Albert Augustine, fundi wa New York, alipotengeneza nyuzi ambazo Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa klasiki kutoka Hispania, alizikubali na kuzipigia katika maonyesho yake. Seti ya kawaida ya nailoni hulivuta gitaa kwa takriban kilo 38, ilhali seti nyepesi ya chuma inayoanzia na uzi wenye unene wa inchi 0.012 hulivuta kwa zaidi ya kilo 70. Kutokana na tofauti hiyo, uso wa gitaa la nailoni huchongwa mwembamba na kuimarishwa kwa vijiti vyepesi vilivyotawanyika chini ya tundu la sauti, wakati uso wa gitaa la chuma hubebwa na mbao imara zilizopishana kwa umbo la X. Usifunge kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, hata kwa siku moja ya majaribio, kwa sababu briji, kile kipande cha mbao usoni kinachoshikilia ncha za nyuzi, inaweza kung'oka au uso mzima ukavimba na usirudi tena.

Uzi wa kwanza wa nailoni una unene wa takriban milimita 0.71, zaidi ya mara mbili ya ule wa chuma wa milimita 0.30. Kwa kuwa ni mnene na umekazwa kwa nguvu ndogo, hutikisika kwa upana mkubwa zaidi unapopigwa. Ndiyo maana nyuzi za nailoni huhitaji kukaa juu kidogo kutoka kwenye freti na kuachana kidogo zenyewe kwa zenyewe; zikibanwa sana hugongana na freti na kutoa mlio wa kukwaruza. Upana wa shingo ya klasiki una sababu hiyo ya kimaumbile, na kila milimita unayoipunguza ina gharama yake mahali fulani. Gitaa la krosova ni mapatano kati ya mahitaji mawili, na kazi ya mnunuzi ni kujua anataka mapatano hayo yaishie wapi.

Hatua ya kwanza: eleza kwa uwazi mkono wako wa kulia unafanya nini

Chukua gitaa lako la chuma na upige nyimbo unazozipiga kweli kila juma, huku ukiutazama mkono wa kulia. Wapigaji wengi huangukia katika mojawapo ya makundi yafuatayo, na wengine huchanganya mawili.

Kama unatumia piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, muda wote, iwe ni kwa kusindikiza kwaya au kupiga solo, hauhitaji nafasi kubwa kati ya nyuzi, na shingo yenye upana wa milimita 46 hadi 48 itakutosha. Fahamu hata hivyo kwamba uso wa gitaa la nailoni kwa desturi hauna bamba la kuukinga, na rangi yake ni nyembamba. Gitaa la Martin N-20 ambalo Willie Nelson, mwimbaji wa Marekani, amelipiga tangu mwaka 1969 lina tundu la pili lililotobolewa na piki na vidole vyake kwa miaka mingi ya kazi. Ikiwa mtindo wako ni wa piki, tafuta gitaa ambalo tayari limebandikwa bamba jembamba la plastiki angavu kama yale ya magitaa ya flamenko, au uliza kama fundi anaweza kukubandikia.

Kama unapiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, ule mtindo wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambao Mwenda Jean Bosco aliueneza Afrika ya Mashariki na Kusini baada ya mtafiti wa muziki Hugh Tracey kumrekodi mwaka 1952, uko katika nafasi nzuri kuliko unavyodhani. Mtindo huo ulikua juu ya nyuzi za chuma, lakini unahitaji tu dole gumba lijue njia ya kwenda na kurudi kwenye besi na kidole kimoja kicheze juu. Nafasi ya wastani ya krosova inautosheleza kabisa, na besi za nailoni hupata uzito wa duara unaozitenganisha vizuri na sauti ya juu. Wanaotumia piki ya dole gumba, kama alivyofanya mpigaji wa Marekani Chet Atkins hata kwenye nailoni, wamo pia katika kundi hili.

Kundi la tatu ni la wale wanaotumia dole gumba pamoja na vidole vitatu, na hasa wanaotaka kupiga bosa nova ya Brazil, ambako dole gumba hushikilia besi huku vidole vitatu vikivuta nyuzi tatu kwa pamoja. Hapa usikubali shingo nyembamba sana. Vidole vitatu vikivuta kwa wakati mmoja nyuzi zilizosongamana, kimoja hugusa uzi wa jirani na kuuzima, na kosa hilo halirekebishiki kwa mazoezi kwa sababu linatokana na kipimo cha chombo. Kundi hili likae kati ya milimita 48 na 50, na kwa mwenye vidole vinene nisingeona aibu kumshauri achukue klasiki ya milimita 52 na aizoee.

Hatua ya pili: pima nati, kisha pima kwenye briji

Nati ni kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo, ambacho nyuzi hupita juu yake kuelekea kwenye kichwa. Gitaa la chuma kwa kawaida lina nati ya milimita 43 au 44.5, na la klasiki lina milimita 52. Magitaa ya krosova yamejipanga katikati: Ibanez wana modeli zenye 46, magitaa ya nailoni ya Taylor yana 47.6, Yamaha wa mfululizo wa NTX na Cordoba wa mfululizo wa Fusion wana 48, na Yamaha SLG200N, lile gitaa lisilo na mwili, lina 50. Kumbuka kwamba Yamaha wana pia mfululizo wa NCX unaofanana sana na NTX kwa jina na kwa sura, lakini wenye shingo ya klasiki; herufi moja inaweza kukuletea gitaa ambalo hukulikusudia, hasa unapoagiza kutoka mbali.

Tofauti ya milimita nne inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini igawanye kati ya nyuzi sita na utaona kwamba kila uzi unasogea karibu milimita moja kutoka kwa jirani yake, na kidole kilichozoea umbali fulani kwa miaka mingi huitambua milimita hiyo mara moja.

Kosa la wengi ni kuishia hapo kwenye nati. Mkono wa kulia haupigi kwenye nati; unapiga karibu na briji, na huko ndiko unakopaswa kupima kwa makini zaidi. Weka rula juu ya briji upime kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita. Kwenye gitaa la klasiki utapata karibu milimita 58 hadi 60, na kwenye magitaa mengi ya chuma utapata kati ya 54 na 57. Yapo magitaa ya krosova yenye nati iliyopunguzwa na briji iliyobaki na nafasi ya klasiki, na hayo, kwa maoni yangu, ndiyo mapatano yenye busara zaidi kwa mpigaji wa vidole: mkono wa kushoto unapata nafuu na wa kulia haunyimwi haki yake. Wauzaji huandika kipimo cha nati kila mara, lakini hiki cha pili hukiandika kwa nadra, kwa hiyo kiulizie au nenda na rula yako mfukoni.

Jaribu pia kitu rahisi nyumbani kabla ya kwenda dukani. Funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya nne au ya tano ya gitaa lako la chuma, mahali ambapo shingo imepanuka kidogo, kisha upige. Ukiona kwamba unapiga vizuri zaidi hapo kuliko kwenye freti ya kwanza, hiyo ni dalili kwamba mkono wako unaikubali nafasi pana kuliko unavyoamini.

Hatua ya tatu: mviringo wa ubao, unene wa shingo, na freti ya kuungania

Ubao wa freti wa klasiki ni bapa. Ule wa gitaa la chuma una mviringo. Martin kwa kawaida hutumia mviringo wenye nusu kipenyo cha inchi 16, na Taylor inchi 15. Magitaa mengi ya krosova yamepewa mviringo hafifu, na faida yake huonekana unapolaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kwa ajili ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kama F: kidole hakinyooki kabisa kwa asili yake, na mviringo hukisaidia. Kama nyimbo zako zimejaa kodi za namna hiyo, upe mviringo uzito mkubwa kuliko hata milimita za nati.

Shikilia shingo uone pia unene wake kwa nyuma. Wanaokunja dole gumba juu ya shingo ili kuukamata uzi wa sita, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa chuma, watahitaji shingo iliyo nyembamba na ya mviringo mgongoni. Hata hivyo ningemshauri mpigaji ajifunze njia nyingine ya kuipata besi hiyo, kwa kuwa katika shingo ya milimita 48 dole gumba hufika kwa shida na mkono wote huchoka.

Kuhusu mahali shingo inapoungana na mwili, magitaa ya klasiki huungana kwenye freti ya 12. Kuungana kwenye freti ya 14 kulianza kuwa jambo la kawaida baada ya Martin kutengeneza modeli ya OM mwaka 1929, kwa ombi la Perry Bechtel, mpigaji wa banjo aliyetaka kufika juu zaidi kwenye shingo. Krosova zenye freti 14 nje ya mwili zinaurahisishia mkono wa kushoto, lakini kwa urefu ule ule wa nyuzi briji husogea kuelekea kwenye tundu la sauti, mbali na sehemu pana ya uso inayotikisika kwa urahisi zaidi. Matokeo yake mara nyingi ni sauti kavu na ya haraka zaidi, iliyopungukiwa na ule mzunguko wa joto wa klasiki. Kwa anayepiga jukwaani na bendi hilo si hasara, kwani sauti kavu hukaa vizuri kati ya besi na ngoma. Kwa anayepiga peke yake sebuleni ni hasara ya kweli, na mtu huyo afikirie gitaa la freti 12 lenye mkato begani, ambalo bado litamfikisha juu.

Angalia mambo mengine madogo kwa haraka: vidoti vya kando ya shingo, ambavyo klasiki nyingi hazina, vishikizo viwili vya kufungia mkanda, kama unapiga umesimama, na fimbo ya chuma ndani ya shingo inayoweza kurekebishwa kwa ufunguo. Hiyo fimbo usiiache. Shingo nyingi za klasiki za zamani hazina, na katika nchi zetu ambako mafundi wa magitaa ni wachache, shingo isiyorekebishika ikipinda utakuwa umepoteza gitaa.

Hatua ya nne: mwili na mbao, kwa kuzingatia hewa ya mahali unapoishi

Mwili wa klasiki una kina cha karibu milimita 95 hadi 100. Krosova nyingi zimepunguzwa kidogo, na yale ya jukwaani yamepunguzwa sana. Kina kinapopungua, sauti isiyopitia kwenye spika hupungua pia, hasa besi. Tayari nailoni ni ya upole kuliko chuma, kwa hiyo mpigaji aliyezoea gitaa kubwa la kusindikiza kwaya ya watu 30 bila kipaza sauti asitegemee kwamba krosova jembamba litafanya kazi hiyo.

Uso wa gitaa hutengenezwa kwa mwerezi au kwa sprusi. Mwerezi hufunguka mapema na kutoa sauti yenye joto hata ukipigwa kwa ulaini. Sprusi hutoa sauti iliyo wazi zaidi na huvumilia mkono mzito. Kwa kuwa mpigaji wa chuma kwa kawaida huja na mkono mzito, sprusi humfaa wengi mwanzoni, ingawa mwenye kupiga kwa nyama ya vidole bila kucha atafaidi zaidi mwerezi. Pembeni na mgongoni utakuta rozwudi, mkangazi, siprasi na mbao nyingine. Wapo mafundi wa nje wanaousifu mpingo wa kusini mwa Tanzania na Msumbiji kwa migongo ya magitaa, mti ule ule unaotengenezewa klarineti, lakini magitaa hayo ni ya kuagizwa kwa fundi na bei yake ni ya juu.

Lililo muhimu zaidi kwa mnunuzi wa kawaida ni kama uso ni wa ubao mzima au wa tabaka zilizogundishwa. Ubao mzima hutikisika vizuri na sauti yake hukomaa kadiri unavyopigwa; wa tabaka ni hafifu kwa sauti lakini mvumilivu wa hali ya hewa. Watengenezaji wengi hujenga magitaa katika vyumba vyenye unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 50. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja unyevu mara nyingi huzidi asilimia 70, na ubao huvimba, uso hunyanyuka, na nyuzi hupanda juu ya freti bila wewe kugusa kitu. Dodoma wakati wa kiangazi mambo hugeuka, na kwa ndugu walioko Muscat au Dubai ndani ya viyoyozi, au Toronto wakati wa baridi nyumba zikipashwa moto, ubao hukauka, ncha za freti huchomoza na kukwaruza mkono, na uso unaweza kupasuka. Ushauri wangu kwa aishiye pwani ni achukue uso wa ubao mzima pamoja na mgongo na mbavu za tabaka, aliweke gitaa ndani ya kasha gumu lenye vifuko vya kurekebisha unyevu, na asiliache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu gundi ya briji hulegea kwa joto.

Hatua ya tano: umeme

Hapa mpigaji wa chuma hushangazwa kuliko mahali pengine. Ile pikapu ya sumaku, kifaa cha kunasa sauti na kuipeleka kwenye spika, unayoibana kwenye tundu la sauti la gitaa lako haitafanya kazi kwenye nailoni. Pikapu ya sumaku husikia mtikisiko wa chuma. Nyuzi tatu za juu ni plastiki tupu, na tatu za chini ni uzi laini uliozungushiwa shaba iliyopakwa fedha, vitu ambavyo sumaku haivijali. Gitaa la nailoni hupelekwa kwenye spika kwa pikapu ya piezo, inayonasa mgandamizo badala ya sumaku, iliyokaa chini ya mfupa wa briji, ule ambao nyuzi hupita juu yake, au kwa maikrofoni ndogo ya ndani, au kwa vyote viwili pamoja.

Piezo ya bei nafuu huifanya nailoni isikike kama plastiki inayogongwa, hasa unapopiga kwa nguvu, na hilo ni kosa la kawaida sana katika magitaa ya bei ya chini. Kama utapiga kanisani, hotelini au kwenye sherehe, lifanye jaribio la umeme liwe na uzito sawa na jaribio la sauti halisi. Tafuta gitaa lenye kitufe cha kugeuza awamu ya sauti, ambacho husaidia kuua mlio wa mluzi unaotokea gitaa linapoisikia spika yake, na angalia kifuniko cha tundu la sauti kama kinapatikana. Hakikisha kwamba betri, ambayo mara nyingi ni ya volti 9, inabadilishwa bila kufungua nyuzi.

Kwa anayepiga na bendi yenye ngoma na magitaa ya umeme, yapo magitaa ya nailoni yaliyojengwa kwa kazi hiyo tu. Mwaka 1982 Gibson walitoa gitaa walilolibuni pamoja na Chet Atkins, lenye mwili mwembamba usio na uwazi mkubwa ndani, na lilitolewa katika shingo mbili ili mnunuzi achague upana. Godin wa Kanada wameuendeleza mtindo huo kwa mfululizo wa Multiac, na Cordoba wana modeli ya Stage. Magitaa haya hayapigi mluzi kirahisi hata sauti ikipandishwa, lakini yakiwa nje ya umeme hayana sauti ya kutosha hata kwa mazoezi ya watu wawili. Yanunuliwe na mtu anayejua kwamba maisha ya gitaa lake yatakuwa jukwaani.

Hatua ya sita: majaribio ya dukani

Nenda na rula, simu yenye programu ya kutuni, na muda wa kutosha. Omba gitaa litunishwe, kisha ulitunishe tena mwenyewe, kwa sababu nailoni mpya hulegea kila baada ya dakika chache na gitaa lisilo kwenye tuni huonekana baya bila hatia.

Pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwenye klasiki kimo cha kawaida ni karibu milimita 3 kwa uzi wa kwanza na 4 kwa uzi wa sita. Kwa krosova tarajia karibu 2.5 na 3.2. Ukikuta kimo cha gitaa la chuma, yaani karibu milimita 2, piga kwa nguvu zako za kawaida usikilize kama freti zinalia; nyingi hulia. Ukikuta kimo kikubwa, chungulia mfupa wa briji uone kama umebakia wa kutosha kupunguzwa. Mfupa ulioshuka hadi karibu kuzama kwenye briji huku nyuzi zikiwa bado juu ni ishara kwamba shingo imekwisha kupinda au uso umevimba, na gitaa hilo liache hata kama bei imeshuka.

Linganisha sauti ya uzi ukiguswa kidogo tu juu ya freti ya 12, ile sauti inayolia kama kengele, na sauti ya uzi huo huo ukibanwa kwenye freti hiyo hiyo. Programu ya simu ioneshe noti moja bila tofauti kubwa. Uzi wa tatu uchunguze zaidi ya mingine yote. Katika seti ya chuma uzi huo kwa kawaida umezungushiwa waya, lakini katika nailoni ni plastiki nene ya zaidi ya milimita moja, na ndio hukosea noti kwanza kadiri unavyopanda shingoni.

Piga kisha mambo matatu kwa mpangilio huu: kipande cha polepole kwa vidole, ukisikiliza kama kila uzi unasikika peke yake, kodi za kulaza kidole kwa dakika tano mfululizo, ili uone mkono unachoka wapi, na kipande chako chenye haraka kuliko vyote. Jaribu pia kuvuta uzi kando ili noti ipande, kama ufanyavyo kwenye solo za chuma. Utagundua kwamba noti haipandi sana, kwa kuwa nailoni hunyumbuka na mkazo hauongezeki kwa kasi ile ya chuma. Hakuna gitaa la nailoni litakalokupa hilo, kwa hiyo usilihukumu gitaa kwa jaribio hilo. Pima badala yake namna linavyoitikia unapoutikisa uzi kwa kuusukuma mbele na nyuma kufuata shingo, kama wafanyavyo wapigaji wa klasiki.

Kwa gitaa lililotumika, pitisha ukingo wa karatasi nyembamba nyuma ya briji uone kama inaingia. Ikiingia, briji imeanza kung'oka. Tazama uso kwa upande dhidi ya mwanga, na uliza waziwazi kama limewahi kufungwa nyuzi za chuma.

Hatua ya saba: nyuzi za kwanza na majuma ya mwanzo

Nyuzi zilizokuja na gitaa huwa zimekaa dukani muda mrefu, zibadilishe. Kwa aliyetoka kwenye chuma napendekeza seti ya mkazo wa juu, kwa kuwa uzi laini mno huufanya mkono mzito upige kupita kiasi. Kama sauti ya juu inaonekana kufifia, jaribu nyuzi za kaboni, ambazo ni nzito kuliko nailoni kwa ukubwa ule ule, hivyo huwa nyembamba zaidi, na sauti yake hung'aa zaidi. Wengi huweka kaboni kwenye uzi wa tatu peke yake ili kuondoa ule ubutu wake.

Nyuzi hizi hazina kishikizo cha chuma mwishoni. Hufungwa kwa fundo kwenye briji. Mtu aliyewahi kufunga nyuzi za udi katika kikundi cha taarabu atalitambua fundo hilo mara moja. Asiyelijua azungushe uzi wa kwanza angalau mara mbili au tatu chini ya kitanzi chake, kwa sababu ukiteleza huruka na kuugonga uso kwa nguvu ya kutosha kuacha alama. Badilisha uzi mmoja baada ya mwingine, usiifungue yote sita kwa pamoja, ili mkazo wa uso usiondoke ghafla. Kwa siku kadhaa utalazimika kutuni kila unapolishika gitaa, na hali hiyo ni ya kawaida kabisa.

Peleka gitaa kwa fundi baada ya mwezi mmoja, si siku ya kwanza, ili ubao uwe umezoea hewa ya nyumbani kwako kabla ya kimo cha nyuzi na fimbo ya shingo kurekebishwa. Wakati huohuo endelea kulipiga gitaa lako la chuma, lakini ikiwa unafuga kucha za mkono wa kulia kwa ajili ya nailoni, piga chuma kwa piki, kwa kuwa uzi wa chuma huzila kucha na ukucha wenye mikwaruzo hutoa sauti chafu kwenye nailoni. Karatasi ya msasa laini sana, ile ya namba 1000 au zaidi, iwe ndani ya kasha pamoja na seti moja ya nyuzi za akiba.